Sale Moja, Makosa Mawili

Daktari Ronald alikuwa na ulimi ambao ungefaa zaidi kukaa kwenye ala. Kibosho nzima walilijua hilo, na wafanyakazi wa hospitali ile ya mlimani aliyoiongoza walilijua zaidi, maana wao ndio waliokatwa nao kila asubuhi. Lakini siku alipomgeukia Daktari Flavia alikata mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapagusi.

Ilikuwa kwenye ripoti ya asubuhi, kile kikao ambamo wauguzi wa zamu ya usiku huwakabidhi madaktari wagonjwa. Flavia alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, tena bingwa peke yake pale hospitalini. Siku chache kabla alikuwa amemweleza Ronald, mganga mfawidhi, kwamba ameomba nafasi ya kusomea ubobezi wa tumbo, ini na njia ya chakula kwenye chuo kimoja mjini Moshi. Miaka mitatu. Alimweleza ofisini, mlango umefungwa, kwa heshima ya mtu na mkubwa wake. Ronald akamnyamazia, kisha akaja kumjibu hadharani.

"Jamani, mama yetu hapa anataka kurudi shule," alisema huku akitabasamu. "Wenzake wa umri ule wanasomesha, yeye anataka kusomeshwa. Lakini tusimlaumu. Wengine Mungu anawajalia kuzaa watoto, wengine wanabaki kuzaa vyeti."

Walicheka. Niseme ukweli, waliocheka walikuwa wengi. Kumcheka mtu pamoja na bosi hakuna utamu wowote, ila hulinda kibarua. Wengine walikodolea viatu vyao macho, na Evelyn, muuguzi kiongozi wa wodi, ndiye peke yake aliyemtazama mfawidhi usoni bila kupepesa.

Flavia alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Aliwahi kuolewa Arusha, akatafuta mtoto kwa dawa na kwa sala, akakosa, ndoa ikavunjika, akarudi kwao. Ronald aliyajua yote hayo, maana walisali parokia moja. Uso ulimuwaka Flavia hadi masikio. Alitamani kulia, akakasirika kwa kutamani kulia, na hasira ndiyo ikamsimamisha.

"Nimeshaomba," alisema, "na sijitoi. Sista Evelyn, tuendelee. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameamkaje?"

Usidhani Flavia alikuwa na tamaa ya cheo. Huku kwetu mlimani kuna ugonjwa unaoanza kwa adabu. Mtu anaona nyama inakwama kifuani, anaacha nyama. Kisha ndizi nazo zinakwama, anaanza kuishi kwa mtori, ile supu ya ndizi zilizopondwa. Siku mtori nao unapogoma kupita, ndipo anapokuja hospitali, suruali imefungwa kwa kamba. Mtu kama huyo anahitaji kupitishiwa kamera mdomoni, mrija wa chakula uonekane kwa ndani. Na kamera hospitali ilikuwa nayo! Waliitoa marafiki wa hospitali kutoka Ulaya, ikawekwa kwenye chumba chake, ikafunikwa kitenge. Wageni wakija walipelekwa kuiona wakapigwa picha nayo. Aliyejua kuitumia hakuwepo.

Kwa hiyo Flavia aliandika rufaa za mjini, na mjini kulikuwa na foleni ya mlima mzima na mikoa ya jirani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wanawasema wagonjwa wa Flavia. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Efraimu, mstaafu, aliyemfundisha Flavia kusoma na kuandika akiwa darasa la kwanza. Alifariki akiwa bado anasubiri zamu. Kaburini mjane wake alimshika Flavia mkono, akamuuliza polepole, bila hasira, "Sasa mwanangu, ile mashine yenu ni ya nini?" Flavia aliona aibu hadi ilimuuma, na juma lile lile akaomba nafasi ya chuo.

Tumpe na Ronald haki yake, hata kama hastahili sana. Alihangaika miaka mingi kumpata bingwa mmoja wa kuja kukaa mlimani. Flavia akiondoka, wodi ingebaki na vijana waliomaliza chuo juzi. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na kama angeisema kwa maneno ya kawaida huenda wangekaa wakapata njia. Akachagua matusi, na matusi yalipokosa kazi akachagua uongo.

Ijumaa mchana Flavia alipigiwa simu na Profesa Raya, mkuu wa mafunzo yale ya ubobezi, mama wa pale pale Moshi mjini, msema taratibu asiyerudia neno.

"Dokta Flavia, pole sana. Tumesikitika kuona umejitoa."

"Nani amejitoa, Profesa?"

"Wewe. Usaili ni Jumatatu. Utaratibu wetu tunampigia mkuu wa kazi wa kila mwombaji. Wako ameniambia una matatizo ya kifamilia, umeondoa maombi yako."

Flavia alishika ukingo wa meza. "Profesa, sina tatizo lolote la kifamilia. Sijajitoa."

"Basi mmoja wenu anasema uongo, na mimi siwafahamu wote wawili," alisema Profesa Raya. "Mfawidhi wako anipigie mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme alikosea. Akinipigia kabla ya Jumatatu, utakaa mbele ya jopo. Asiponipigia, tutaonana mwakani."

Flavia alishuka ngazi mbio hadi ofisi ya mfawidhi. Akaambiwa amekwenda kikaoni Moshi. Alimpigia simu, ikaita hadi ikakata. Alimtumia ujumbe, ukasomwa, usijibiwe. Jumamosi alimfuata nyumbani kwake, mkewe akatoka mlangoni akasema mzee amelala, na gari la mzee lilikuwa halipo. Flavia alirudi kwa miguu kupitia njia ya migomba huku akimtukana Ronald kwa Kichagga, maana kwa Kiswahili matusi yalikuwa hayatoshi.

Mama yake, Dominika, hakujua habari ya simu. Flavia alimficha, kwa kuwa mama ana presha. Ila maneno ya kikaoni Dominika aliyajua, kama parokia nzima ilivyoyajua, na alikuwa ameshaanza vita vyake mwenyewe. Jumapili iliyopita kanisani, padri aliposema watu watakiane amani, Ronald alinyoosha mkono na Dominika akampa kiwiko. Kiwiko! Katikati ya juma ikawa zamu ya nyumbani kwa Ronald kupokea sala ya jumuiya. Mkewe alikaanga chapati, akachemsha maziwa, akapanga viti. Akina mama wa jumuiya hawakuja hata mmoja. Ronald alikula chapati zile asubuhi, mchana na jioni, na nasikia alikula kwa mawazo.

Ndiyo maana Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, Flavia alipokuwa uani akimenya ndizi na mama yake, aliona watu wanateremka kuingia kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Mbele alikuwa baba mkubwa Filemon, kaka wa marehemu baba yake na mkubwa wa ukoo. Nyuma yake wazee wawili wa jirani. Nyuma kabisa, suti nyeusi, kichwa chini, Daktari Ronald. Mkononi ameshika sale.

Kwa asiyetujua: sale ni lile jani refu la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba vyetu. Aliyekukosea akikuletea sale, humfukuzi, hata kama amekuchomea nyumba. Utalipokea, utasamehe, na kesi hiyo haitafufuliwa tena na mtu yeyote. Anayelikataa, wazee husema, anajiitia balaa yeye na nyumba yake. Msomi na asiyesoma, kwa hilo tuko sawa.

Dominika aliweka kisu chini akajifuta mikono kwenye khanga. "Karibuni, mbee," alimwambia shemeji yake kwa heshima ya Kichagga. Viti vikatolewa. Flavia aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, na alipofika kwa Ronald akamwamkia pia, maana adabu haikuwa imemkosea kitu.

Filemon alikohoa. "Mwanangu Flavia, daktari mwenzio alinifuata jana jioni. Anasema alikukosea kwa kinywa, na ameona aje kwa njia ya wazee. Sisi tumemsindikiza tu. Ronald, sema."

Ronald alisimama. Sauti yake ya kikaoni haikuja naye. "Daktari Flavia, na wewe mama Dominika. Nilisema maneno mabaya juu ya uzazi. Niliteleza. Naomba mnisamehe." Akanyoosha sale kwa mikono miwili.

Hapo Flavia akaiona hesabu yake yote. Ronald hakuja kwa ajili ya chapati tu. Alijua Flavia ameshaambiwa habari ya chuo, maana ujumbe aliusoma. Na alijua kwamba Flavia akishika lile jani, basi. Hana ruhusa tena ya kumdai neno mbele ya wazee wala mbele ya bodi ya hospitali. Jumatatu ingepita, usaili ungepita, na Flavia angebaki amesamehe. Alikuwa na hasira ya kutosha kuliangusha lile jani kwenye maganda ya ndizi.

"Pokea, mwanangu," mama yake alimnong'oneza. "Sale halikataliwi."

"Sijalikataa, mama." Alikunja mikono kifuani. "Naomba kuuliza kwanza. Baba mkubwa, naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza."

"Daktari Ronald, sale hili ni la kosa gani?"

"La maneno yangu. Nimeshasema."

"Na lile lingine umeliacha nyumbani?"

Wazee wakageuka. Ronald akalishusha jani kidogo. "Lingine lipi?"

"Mimi nalijua na wewe unalijua. Sitakusaidia kulitaja. Aliyekosa ndiye anayetaja."

"Flavia!" Dominika alimvuta nguo. Mzee mmoja wa jirani aliguna kwamba wasomi wana maneno mengi, sale ni sale, binti apokee watu wanywe pombe ya mbege waende zao. Flavia alibaki pale pale. Alijua akisimama hivyo dakika moja zaidi habari itafika Umbwe kabla ya jua kuzama: binti wa Dominika alikunjia sale mikono. Ikifika na ifike. Maji alikuwa ameshayavulia nguo.

Filemon hakuwa mtu wa haraka. Alimtazama mtoto wa ndugu yake, kisha akamtazama Ronald.

"Wewe Ronald, mimi na baba yako tumechunga wote," alisema. "Jana hukuniambia kuna la pili. Je, lipo?"

"Baba, mambo ya ofisini..."

"Sijauliza ya wapi. Nimeuliza kama lipo. Maana mtu akileta sale kwa kosa moja na lingine amelificha mfukoni, hilo mkononi mwake si sale. Ni jani la mpakani, ampe mbuzi. Na mimi utakuwa umenipitisha kijiji kizima nikisindikiza jani la mbuzi. Hilo litakuwa la tatu."

Kuku alipita katikati yao akidonoa maganda, hakuna aliyemfukuza. Ronald alikuwa amelowa jasho kwenye kola.

"Lipo," alisema hatimaye. "Chuo walinipigia. Nikawaambia amejitoa."

"Wakati hajajitoa," alisema Filemon.

"Wakati hajajitoa."

Dominika alitoa sauti ambayo Flavia hajawahi kuisikia, akaokota kile kisu cha ndizi, na nadhani hata yeye hakujua anakiokota kwa ajili gani. Mzee aliyeguna alimwondolea mkononi polepole.

"Niliogopa!" Ronald alilipuka. "Mnajua ilinichukua muda gani kupata bingwa hapa? Akienda, mkiugua ninyi nani atawaona? Nilikuwa nawalinda!"

"Ungeniambia hivyo," alisema Flavia, na sauti yake ikapanda, akaiacha ipande. "Ungesema, Flavia naogopa. Ningekaa na wewe tukapanga! Ukaona heri unidhalilishe, na nilipokataa kudhalilika ukanizika hai. Huo si ulinzi. Nitakusamehe, maana umeleta sale. Lakini sisamehi kosa linaloendelea. Toa simu. Profesa Raya ampate mtu mkweli leo."

"Leo Jumapili..."

"Piga," alisema Filemon.

Mtandao pale uani ni wa kubahatisha, kwa hiyo waliandamana wote hadi juu kwenye shamba la kahawa, ambako simu hushika: wazee na fimbo zao, Dominika na khanga yake, Ronald na suti yake ikikwaruzwa na matawi. Wakamwambia aweke sauti kubwa. Profesa Raya akapokea.

"Profesa, ni mimi mfawidhi wa Daktari Flavia. Ile Alhamisi nilikuambia amejitoa. Haikuwa kweli. Nilisema uongo." "Ni daktari mzuri. Mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi."

Hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha.

"Nimekusikia," ilijibu simu. "Mwambie jopo linaanza asubuhi. Asichelewe." Ikakatwa.

Ndipo Flavia akanyoosha mikono miwili, akalipokea sale pale pale kwenye kahawa. "Nimekusamehe, Daktari. Yote mawili." Na alisamehe kweli, alishangaa mwenyewe jinsi kifua kilivyofunguka. Wazee wakashukuru, aika, aika, wakageukia njia ya mbege.

Ronald alibaki nyuma naye. "Na kesho? Raundi ya wodini nani anapita?"

"Wewe."

"Mimi? Sijapita wodi miaka..."

"Ulikuwa daktari kabla hujawa mfawidhi. Saa mbili, Sista Evelyn atakusubiri. Usichelewe."

Jumatatu asubuhi jopo lilikuwa la watu wanne. Mmoja wao, kijana ambaye Flavia angeweza kumtuma chumvi dukani, alimuuliza kwa upole kama haoni amechelewa kidogo.

"Nimechelewa sana," alisema Flavia. "Ndiyo maana sina muda wa kujitoa."

"Na usipochaguliwa?"

"Mtaniona mwakani. Mkinikataa mwakani, mwaka unaofuata nitakuja nimevaa miwani. Mkinikataa tena nitakuja na mkongojo, na nitaomba kiti cha mbele."

Walicheka, isipokuwa Profesa Raya. "Na leo wodini kwako yuko nani?" aliuliza.

"Daktari Ronald."

Profesa Raya alishusha macho mezani, kisha akasema wapite kwenye swali linalofuata.

Nisikuweke roho juu: alipata. Ijumaa majina yalitoka na lake lilikuwemo. Lakini kwangu mimi jambo hili halikuishia Ijumaa. Liliisha Jumatatu ile ile alasiri, Flavia alipopanda kutoka mjini, akapitia hospitali bado na viatu vyake vya usaili.

Alimkuta Ronald amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya akina mama, koti jeupe limekunjamana, kipimo cha mapigo ya moyo shingoni. Evelyn alimpa Flavia ishara ya macho kwamba mzee hajanywa hata chai.

"Kuna mama mle ndani, anauza ndizi Manushi," alisema Ronald bila salamu. "Hawezi kumeza. Nimemwandikia rufaa, nikamwambia ataitwa zamu yake ikifika. Akaniuliza, 'Baba, nitasubiri nikiwa nakula nini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema narudi sasa hivi." Alitazama mikono yake. "Tangu mchana niko hapa mlangoni."

Flavia alimwonea huruma, na hakuificha. Alikaa kando yake. Swali lile alilijua. Aliulizwa kila juma, na kila juma aliingia kulijibu.

"Nenda kasome," alisema Ronald. "Ruhusa nitakuombea kwa bodi mwenyewe."

"Omba, ni kazi yako. Wakitoa, vizuri. Wasipotoa, naondoka hivyo hivyo." Akasimama, akamnyooshea mkono ainuke. "Sasa twende tukamjibu yule mama. Wewe ndiye utakayesema, maana mimi sale nimeshalipokea."

"Niseme nini, Flavia?"

"Ukweli. Mwambie daktari wa ugonjwa wake hayupo hospitali hii. Halafu mwambie ni nani aliyetaka asiwepo."